Kabla Sura ya Gerrit Haijafifia

Jumatatu, 2 Oktoba

Tumeondoka! Tulisema saa moja asubuhi, tumetoka saa tatu. Mume wangu Arlyn alirudi ndani kuangalia kama jiko limezimwa. Akarudi tena kuangalia kama kweli aliliangalia. Mara ya mwisho alirudi kuchukua kofia ambayo alikuwa ameivaa kichwani.

Kazi yangu ni ile ile ya miaka yote: kumzunguka Dolores. Nachomoa waya wa umeme ukutani, nakunja ngazi, nashusha antena, nampiga Dolores makofi mawili ubavuni ili dereva ajue twende. Dolores ni gari-nyumba letu. Ana urefu wa darasa, rangi ya chai ya maziwa, na tabia za mama mkwe wangu marehemu. Ukimgusa analalamika, ukimwacha anasusa. Ndiyo maana nilimpa jina lake. Arlyn alinuna siku moja, halafu akakiri kwamba wanafanana.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine hatuusemi. Mwezi wa Agosti daktari wa macho alitwambia kwamba katikati ya macho ya Arlyn kunakufa. Pembeni patabaki. Ataona mlango, lakini aliyesimama mlangoni hatamwona. Nyuso za watu ndizo zitakazotangulia kupotea. Lini? Labda Krismasi. Labda kabla.

Tulipofika nyumbani Arlyn akavua viatu, akasema: basi twende nikamwone Gerrit.

Gerrit ni kaka yake. Yuko Vermont, milimani. Mara ya mwisho walionana kwenye mazishi ya mama yao, na siku ile watu walikuwa wengi, hawakupata hata kukaa pamoja. Ruthann, mke wa Gerrit, alipofariki, theluji ilifunga njia na hatukufika. Tangu hapo ni simu tu, na Gerrit kwenye simu ni kama kuongea na kisiki.

Daktari amemruhusu Arlyn kuendesha mchana kweupe, mradi mistari iliyonyooka aione imenyooka. Ikianza kupinda, aache siku hiyo hiyo.

Hatumwambii mtu. Mji wetu wote wa Zeeland unajua tunakwenda kutazama majani yanavyogeuka rangi. Wazee wote wa Michigan huenda kutazama majani mwezi huu. Nani atauliza?


Jumatano, 4 Oktoba

Ohio, kwa Vern na mkewe Phyllis. Vern aliuliza!

— Majani? Kwani miti ya Michigan imehamia wapi?

Vern na Arlyn walitengeneza mabasi ya shule kwenye karakana moja maisha yao yote. Hawajawahi kuambiana neno zuri, na sijaona watu wanaopendana hivyo. Dolores tumemwegesha uani kwao, waya tumeuchomeka jikoni kupitia dirishani, na Phyllis ametupikia kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda. Wanga juu ya wanga, ndiyo Ohio. Nimepika katika jiko la shule miaka yote ile, mwanafunzi akiomba chakula hicho ningemwita mama yake. Nimekula sahani mbili.

Mezani Arlyn alikuwa anamtazama Vern mno. Vern akaweka kijiko chini.

— Mbona unanikodolea? Nina supu puani?

— Naangalia ulivyozeeka.

— Na wewe je? Ukikaa karibu na kanisa watakuzika bila kuuliza.

Arlyn alicheka mpaka akakohoa. Baadaye, tukiwa ndani ya Dolores, aliniambia Vern ana kovu dogo juu ya nyusi, la spana. Hajawahi kuliona kwa miaka yote hiyo. Alifurahi kama ameokota kitu.


Alhamisi, 5 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Barabara ya leo ilinyooka kama rula. Mahindi makavu huku na huku, mbingu nyeupe, hakuna gari. Arlyn akapunguza mwendo. Akapunguza tena.

— Twila. Hapa mbele pana kona?

— Hapana kona. Hapana kona mpaka Pennsylvania!

Akawasha indiketa, polepole kama tuko mjini, akaingia kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Maonyesho yalikwisha mwezi uliopita, ni mabanda matupu tu na nyasi zilizokanyagwa. Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akauweka mapajani mwangu.

Mstari wa njano umepinda, akasema.

Nikalia. Yeye hakulia. Alikuwa anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, kioo ambacho ni kisafi.

Kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kumpigia simu Janelle, binti yetu. Atakuja, atatupanga kama vikombe kabatini, Dolores atavutwa, sisi tutarudi nyumbani kwa ndege, na Gerrit atakuwa wa mwakani. Lakini mwakani uso wa Gerrit hautakuwepo kwa Arlyn. Njia ya pili ni mimi niendeshe.

Mimi! Naendesha gari dogo kwenda sokoni na kwaya! Nimewahi kuongoza sufuria za kulisha watoto mia nne, lakini sufuria haina magurudumu.


Ijumaa, 6 Oktoba

Mwangalizi wa uwanja ni mama mmoja mnene wa buti za mpira. Tulimwomba ruhusa nijifunze pale. Akamtazama Dolores, akanitazama mimi, akasema fanyeni mnavyotaka, ila banda la nguruwe lina paa jipya.

Nimegonga pipa la taka. Banda la nguruwe ni zima.

Shida ya Dolores ni matako. Ukikata kona wewe umeshapita, unajipongeza, kumbe yeye nyuma bado anakuja na anakwenda upande wake. Arlyn alisimama uwanjani anapunga mikono.

— Subiri kwanza! Usikate! Usikate bado! Sasa!

— Usinipigie kelele!

— Sipigi kelele, nashindana na injini!

Mara moja nilizima gari nikashuka, nikaenda kusimama nyuma ya banda la mbuzi peke yangu. Hasira. Na woga, tuseme tu. Nikapiga teke nyasi. Mama wa buti akaja akasimama kando yangu, akasema mumewe alimfundisha kuendesha trekta mwaka waliooana, na nusura waachane kabla ya mavuno. Nikamuuliza: mlifanyaje? Akasema: nilimwambia aende nyumbani, nikajifunza mwenyewe.

Nikarudi nikamwambia Arlyn akae kwenye ngazi za jukwaa, anyamaze. Akakaa. Akanyamaza! Nikazunguka uwanja ule mpaka nikazoea. Kona za kulia, kona za kushoto. Mwisho nikapita kati ya banda la kuku na bomba la maji bila kugusa kitu, na mama wa buti akanipungia ufagio.


Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeendesha. Barabara ya kweli. Malori yananipita kama nimeegesha.

Arlyn alilala njiani! Mdomo wazi. Ama ananiamini, ama amekwisha kukata tamaa.


Jumapili, 8 Oktoba

Hatukwenda kanisani. Saa ya mahubiri ilipofika Arlyn akanipa peremende, zile zile tunazonyonya kanisani, nami nikainyonya njiani kana kwamba mchungaji amekaa kiti cha nyuma. Nilijisikia nimesamehewa nusu.

Jioni tumeingia kambi ya magari-nyumba, Pennsylvania, kando ya mto. Sasa, mtu yeyote wa magari-nyumba anajua kambini hakuna sinema inayoshinda mgeni anayerudi nyuma kuingia sehemu yake. Miaka yote mimi na Arlyn tumekuwa watazamaji. Tunatoa viti vya kukunja, tunafungua bia, tunahukumu. Tumecheka wake za watu! Tumeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya mti mmoja!

Leo viti vilitoka kwa ajili yangu.

Kwanza walidhani Arlyn ndiye dereva. Walipoona mzee ameshuka na mama ndiye kabaki kwenye usukani, wengine wakaenda kuwaita majirani. Arlyn akasimama nyuma kuniongoza. Ili aone vizuri inabidi ageuze kichwa pembeni, atumie kona ya jicho, kwa hiyo alionekana kama anautazama mto.

— Mzee, gari liko huku! bwana mmoja akapaza sauti.

— Naliona, ni kubwa kuliko wewe! Arlyn akamjibu.

Nikaingia, nikatoka. Nikaingia, nikatoka. Mama mmoja wa soksi nyekundu akawa ananitia moyo kama niko kwenye mashindano. Mwishoni tukawa ndani, Dolores kainamia upande. Makofi! Bwana yule aliyepaza sauti akaleta bia. Tunakula tumeinama, yai la kuchemsha limebingirika juu ya meza mpaka kwenye mapaja ya Arlyn. Lakini tumeingia.


Jumanne, 10 Oktoba

Tuko kwa Janelle, karibu na Syracuse, jimbo la New York. Alitoka mlangoni anatabasamu, mikono wazi. Halafu akaona ni nani amekaa upande gani. Tabasamu likabaki pale pale, lakini yeye alikuwa ameshaondoka.

— Mama, kwa nini wewe unaendesha?

— Baba yako amechoka.

— Tangu lini Baba anachoka?

Tungefika jioni salama, lakini Arlyn alijimiminia kahawa. Ikamwagika pembeni ya kikombe, vizuri kabisa, kwa utulivu, na yeye akaendelea kumimina. Janelle alimwangalia baba yake, akaiangalia kahawa inavyotiririka mezani. Todd, mumewe, akainuka bila neno kuchukua kitambaa.

Basi tukasema yote.

Alilia. Nilimshika. Halafu akafuta macho akachukua simu, maana Janelle akihuzunika hupanga. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshapata mtu wa kumnunua Dolores na ndege ya Ijumaa. Dolores yuko nje, hajui lolote.


Jumatano, 11 Oktoba

Tumegombana kistaarabu, yaani vibaya zaidi.

Janelle: Mama, una miaka sitini na minane. Vermont ni milima tupu. Mmewahi kufikiria kinachoweza kutokea?

Mimi: Nimefikiria kila kona.

Janelle: Baba mkubwa Gerrit si anaweza kuja hapa Krismasi?

Arlyn: Gerrit hapandi ndege. Gerrit hapandi hata lifti.

Janelle: Basi tutamfuata mimi na Todd, Novemba, nikipata likizo.

Asubuhi ya leo Arlyn hakuweza kusoma saa ya ukutani, na ni mimi tu ninayejua. Novemba ni mbali.

Lazima niseme hapa kwamba mtoto ana haki nusu. Naogopa. Jana usukani ulipovutwa na upepo wa lori, nilisema jina la Mungu kwa sauti, na siyo kwa namna ya maombi. Kama ningekuwa Janelle ningetuzuia. Lakini mimi siyo Janelle, mimi ni mke wa Arlyn.

Alasiri niliwakuta Arlyn na Janelle wamekaa kwenye ngazi za nyuma. Arlyn alikuwa amemwambia ageukie mwangaza. Anamtazama, kichwa upande.

— Baba, usinitazame hivyo, kama unaniaga.

— Sikuagi. Nakukariri.

Nikarudi ndani kimyakimya, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.


Alhamisi, 12 Oktoba

Leo nitacheka mpaka nife.

Asubuhi nilitangaza tunaondoka. Vermont. Sikupiga kelele. Janelle akakunja mikono kifuani, akasimama kwenye barabara ya gereji, anatuaga kama mtu anayeaga jeneza. Nikapanda kwa heshima zangu zote. Nikafunga mkanda. Arlyn akapanda upande wa pili kwa heshima zake. Nikawasha Dolores, nikamtazama binti yangu kwa macho ya mama asiyetishika, nikaondoka.

KRRAAAAK!

Nilidhani nimeangusha nyumba. Nikashika breki. Kwenye kioo naona Janelle anakimbia na ndala, anapiga mayowe, na nyuma ya Dolores unaburuzika waya wetu wa umeme, na mwishoni mwa waya soketi ya gereji ya Todd, na kwenye soketi kipande cha ukuta.

— Hukuchomoa waya?! nikamuuliza Arlyn.

— Kuchomoa si kazi yako?

— Ilikuwa kazi yangu nilipokuwa siendeshi! Dereva anazunguka gari?

— Dereva hazunguki.

— Basi!

— Basi mbona hukuniambia?

Miaka yote ya ndoa yetu, yeye kwenye usukani, mimi kwenye waya. Tumebadilishana usukani, waya tukausahau! Kila mmoja kapanda anajua mwenzake kachomoa.

Nikamwangalia Janelle, nikasubiri hotuba. Alikuwa ameshika soketi mkononi, na ukuta wake. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, na gauni la kulalia, akacheka. Akacheka kwa sauti ile ya utotoni, ya kukosa pumzi, sauti ambayo sijaisikia tangu awe mkubwa wa ofisi. Arlyn akashuka akakaa kando yake, naye akicheka. Nikashuka na mimi. Todd akatoka na kikombe chake, akachungulia tundu la ukuta wa gereji, akasema:

— Siku nyingi nilitaka dirisha hapo.

Mwishowe Janelle akainuka, akamzunguka Dolores mwenyewe. Ngazi. Antena. Waya akaukunja akaufungia. Akaja dirishani kwangu.

— Nendeni. Lakini unipigie kila mkisimama. Kila mkisimama, Mama! Na yule mnunuzi nitamwambia asubiri kwanza.

Akampiga Dolores makofi mawili ubavuni. Makofi yangu yale! Nilishindwa kuona barabara kwa machozi mpaka taa za kwanza.


Ijumaa, 13 Oktoba

Vermont! Nakiri sasa kwamba uongo wetu wa majani umetuvutia baraka. Milima yote imewaka. Nyekundu, dhahabu, rangi ya boga. Arlyn anasema rangi anaziona vizuri, nyingi na pana, ni vitu vidogo tu vinavyotoroka. Kila baada ya muda anasema: pale kushoto! Nami siwezi kutazama kushoto, nina kona.

Simu ilituelekeza kwenye daraja la mbao, kati ya yale ya zamani yenye paa. Zuri kama picha. Kibao kikasema kimo cha gari kinachoruhusiwa, nikakisoma kwa sauti, na Arlyn akaruka kitini:

— Simama! Simama, atanyolewa paa!

Nikasimama mita chache kabla ya mdomo wa daraja. Nyuma yangu foleni ya watazama-majani, kila mmoja na kamera yake, na wote ilibidi warudi nyuma ili Bibi Dolores arudi. Arlyn akashuka kuwapanga. Wale watu wa magari ya kifahari walimtii kama wanafunzi wa basi la shule. Nilirudi nyuma kilima kizima, sikumgusa mtu. Kijana mmoja akanipiga picha. Sasa niko kwenye simu za watu!

Tulikunywa juisi ya tufaha ya moto na kula donati kwenye kibanda cha mkulima. Nimempigia Janelle. Arlyn amempigia Gerrit, nikasikia yote, maana Gerrit huongea na simu kana kwamba iko ng'ambo ya bonde.

— Mnafuata nini huku? Majani ya kwangu yameshaanguka.

— Tunakufuata wewe.

— Njia yangu mbaya, Gerrit akasema. Ingieni kinyumenyume, juu hakuna pa kugeuzia.

Akakata. Arlyn bado hajamwambia habari ya macho. Anasema atamwambia uso kwa uso, halafu akacheka mwenyewe kwa maneno yale. Leo ameniuliza nimeandika nini kwenye kibao cha friji. Ni jina la Janelle na namba yake, herufi kubwa.


Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye kiti cha dereva. Injini imezimwa. Matako ya Dolores yako ndani ya lango la Gerrit, pua yake iko barabarani.

Nieleze. Lango ni jembamba: kulia ukuta wa mawe, kushoto mtaro na sanduku la barua. Arlyn akashuka, akasimama nyuma kuniongoza. Tulikwenda vizuri, inchi kwa inchi, namwona kwenye kioo, mkono juu, mkono chini. Mara akaondoka kiooni. Mwongozaji akipotea kwenye kioo, unasimama, hiyo ndiyo sheria na haina mjadala. Nikasimama. Nikangoja. Nikafungua dirisha nikachungulia nyuma.

Gerrit alikuwa ameshuka kutoka juu na fimbo yake. Na Gerrit amefuga ndevu!

Siyo ndevu za wiki. Ndevu mpaka kifuani, nyeupe, zimefunika mashavu, zimefunika mdomo, zimepanda karibu na macho. Yamebaki pua na nyusi. Tumevuka majimbo yote haya kuona uso, na uso uko ndani ya kichaka!

Arlyn alisimama mbele yake, kichwa upande huu, kichwa upande ule. Anatafuta. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na nilifanya vyote viwili.

— Hizi nini? Arlyn akasema.

— Ndevu. Hujaziona?

— Nyoa.

— Umekuja kutoka Michigan kuniambia ninyoe?

— Ndiyo.

Gerrit akageuka aende zake. Kwa kweli! Alipiga hatua kuelekea juu, fimbo inagonga mawe. Arlyn akamwambia hapo hapo, mgongoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: macho yanakwisha, Gerrit. Daktari anasema labda Krismasi. Nilitaka nikuone.

Gerrit akasimama. Hakugeuka mara moja. Gari la posta lilikuwa limefika, limezuiwa na pua ya Dolores, mwenye gari anapiga honi. Gerrit akamnyooshea fimbo:

— Zungukia juu! Leo hapapitiki!

Kisha akarudi. Alimwambia Arlyn jambo ambalo sikulijua. Ruthann ndiye aliyekuwa akimnyoa, kila Jumamosi, jikoni, miaka yote. Alipofariki, Gerrit hakuona sababu ya wembe tena. Mkono mwingine haujagusa uso wake tangu hapo. Alisema hivyo akitazama mtaro, kama mtu anayeeleza habari za mabomba.

Arlyn hakumwomba tena. Alikaa juu ya ukuta wa mawe, basi. Gerrit akakaa kando yake. Mabega yao sawa, magoti yao sawa, hata namna ya kushika mikono. Nilimpigia Janelle kumwambia tumesimama, nikamwambia sijui kama tumefika.

Halafu Gerrit akaja dirishani kwangu. Nikashusha kioo chote.

— Shemeji, una mkasi humo?

— Ninao.

— Na maji ya moto?

— Nitachemsha.

— Huyu hawezi kushika wembe, akasema akimwonyesha Arlyn kwa kidole gumba, atanichinja. Utaninyoa wewe.

Sasa birika liko juu ya jiko la Dolores. Kwenye meza yetu ndogo Gerrit amekaa, taulo langu la maua limemzunguka shingoni, ameshika kingo za kiti kama yuko kwa daktari wa meno. Mkasi nimeshaupitisha, rundo jeupe liko miguuni pake, na chini yake bado yamebaki mabua mafupi magumu. Anasema nisimguse mpaka maji yawe ya moto sawasawa, Ruthann hakuwahi kutumia ya vuguvugu. Huko nje kuna gari jingine limefika, na jingine nyuma yake. Sijui nitamtoaje Dolores hapa, wala kama nitamwingiza. Sijui kuhusu Novemba. Nimeandika haraka haraka ili mikono ipate kazi.

Birika linaanza kupiga mluzi.

— Shemeji, acha kuandika, njoo kabla sijabadili mawazo.

Arlyn amefungua pazia lote. Amevuta kiti mpaka magoti yao yamegusana, amegeuza kichwa upande anaoona, na anangoja.